Fundi wa Nyuma ya Bati

Baiskeli iliingia uani saa nne asubuhi. Mugeta aliufungua mlango wa bati kwa goti, akaisukuma kwa vidole viwili kana kwamba ina joto, akaiegemeza ukutani karibu na ndoo ya maji. Kisha akabaki anaitazama huku anajifuta jasho la shingoni.

"Mama Wankyo," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini, "hii ikitushinda, tumekwisha."

Getruda alikuwa kwenye kigoda anachambua dagaa. Aliusogeza ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga, akainuka. Hakuuliza baiskeli ya nani wala ina nini, maana alishasikia yote. Kati ya ua na baraza palikuwa na bati moja tu lililotoboka kwa kutu, na maneno ya wateja yalipenya pale kama yalivyo.

Kazi pale Nyakato, Musoma, ilikuwa ikienda hivyo kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Barazani kulikuwa na Mugeta, pampu yake, ringi zilizoning'inizwa, na kibao kilichoandikwa MUGETA FUNDI BAISKELI AINA ZOTE. Uani kulikuwa na Getruda. Baiskeli za Foniksi, zile za kubebea magunia na maji, Mugeta alizimaliza mwenyewe kule mbele, na hakuna aliyesuka tairi vizuri kuliko yeye. Lakini baiskeli za gia zilipoanza kuja na marobota ya mitumba, zilimtoa kamasi. Mkewe ndiye aliyezikalia uani siku tatu mfululizo, akazigeuza juu chini, akazielewa. Tangu hapo baiskeli ya gia iliingia uani ikiwa mgonjwa na kutoka ikiwa nzima, na Mugeta akaipanda mbele ya mwenyewe, akazunguka nayo hadi kwenye mashine ya kusaga na kurudi, akapokea pesa na sifa. Getruda aliwahi kuuliza mara moja kwa nini asikae naye barazani. Aliambiwa hakuna mwanaume wa Musoma atakayeacha baiskeli yake kwa mwanamke. Huenda ilikuwa kweli. Ila hakuna aliyewahi kujaribu.

Leo walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa Mihayo, mwenyekiti wa chama cha waendesha baiskeli, mtu wa tumbo kubwa ambaye mwenyewe hapandi baiskeli. Mwingine alikuwa injinia kutoka Mwanza, jina lake Nathan, kijana mpole wa miwani, mwenye baiskeli hiyo. Ilikuwa baiskeli ya barabara za vumbi, ya tairi pana na usukani uliopinda kama pembe za mbuzi, na gia zake zilikuwa za umeme.

"Haina waya hata mmoja," Nathan alikuwa ameeleza kule mbele, taratibu, neno kwa neno. "Huu mkono wa gia wa nyuma unapokea amri kutoka kwenye breki hapa. Ukibonyeza huku cheni inaenda meno madogo, ukibonyeza huku inaenda makubwa. Kwenye basi waliilaza upande wa cheni, sasa meno makubwa inayakataa, inaruka. Kuna kitufe kidogo hapa ndani. Ukikishikilia halafu ukabonyeza hiki kikubwa, mkono unasogea kidogo sana, unene wa unywele. Na hii taa ni ya betri. Kijani ni nzima, nyekundu chaji inakwisha."

"Hizo tunazijua, bosi," Mugeta alijibu. "Zinakujaga hapa."

Haikuwahi kuja hata moja.

Halafu Mihayo alisema lile neno lililomfanya Getruda asimamishe kidole chake kwenye kichwa cha dagaa. "Fundi, hii ikipona, wewe ndiyo fundi wa msafara wetu wa Jumamosi, Bunda mpaka Butiama. Na lile kontena la chama pale Mukendo, lile la karakana, nakukabidhi funguo. Nimechoka kutafutatafuta watu."

Sasa Mugeta alisimama uani mbele ya mkewe, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimwangalia usoni.

"Tukipata kontena utakaa mbele," alisema. "Naapa. Tutaandika majina mawili. Mukendo ni mjini, nani atashangaa?"

"Majina mawili?"

"Mugeta na Getruda. Kwa rangi nyekundu."

Getruda aligeuka kutafuta gunia la kutandika. Lakini moyo wake ulidunda mpaka akaona haya, mwanamke mzima wa watoto watatu. Aliitaka ile rangi nyekundu kuliko alivyowahi kutaka kitenge au simu. Alitaka mtu mmoja tu, mwenye baiskeli mkononi, amuulize yeye: fundi, ina nini?

*

Aliigeuza baiskeli juu chini kwenye gunia safi. Alizungusha pedeli kwa mkono mmoja na kubonyeza kwa mwingine. Mkono wa gia uliguna kidogo, ziii, ukahama wenyewe. Getruda aliruka nyuma, halafu akacheka peke yake. Alibonyeza tena. Ziii. Jino la kwanza, la pili, la tatu, safi. Kuanzia la saba cheni ilianza kupiga trak, trak, na la mwisho ililikataa kabisa.

Mugeta alikuwa amechutama pembeni. "Ni skurubu," alisema. "Zipo mbili pale, naziona. Kaza moja."

"Siyo skurubu. Skurubu ni ukuta tu, zinauzuia mkono usitoke nje na usiingie kwenye spoku. Hiki kitu kimepigwa. Angalia sikio."

Sikio aliloliita ni kile kipande kidogo cha bati kwenye fremu, pale mkono wa gia unapofungwa. Mugeta aliangalia, akaitikia kwa kichwa kama aliyeona. Getruda aliufungua mkono kwa elki, ule ufunguo mwembamba wa pembe sita, akauweka juu ya kanga. Kisha akachukua tairi la baiskeli ya gia ya mtoto, ambalo halina mwenyewe tangu mwaka juzi, akaingiza ncha ya ekseli yake kwenye tundu la sikio na kulizungusha mpaka likashika. Mbinu hiyo hakufundishwa na mtu. Aliigundua siku alipoona kwamba nyuzi za kukazia za ile ekseli na za lile tundu ni moja. Sasa matairi mawili yalisimama bega kwa bega, na hata asiyejua kitu angeona kwamba hayakwenda sambamba. Juu palipita vidole vitatu, chini kidole kimoja na nusu.

Alilishika lile tairi dogo kama mtu anayemshika mtoto mapajani, akalivuta. Kidogo. Akapima kwa vidole. Akavuta tena, huku amebana pumzi, maana bati la aina ile halipendi kukunjwa mara mbili. Mugeta naye alibana pumzi. Vidole viwili juu, viwili chini.

Alipourudisha mkono mahali pake cheni ilipanda mpaka jino la mwisho, ila ikabaki na mlio mwembamba ambao mtu mwingine asingeusikia. Getruda alikumbuka maneno ya injinia. Alitafuta kile kitufe cha ndani, akakishikilia kwa kidole gumba, akabonyeza kikubwa mara moja. Mlio ukapungua. Mara ya pili. Ukaisha. Alipandisha cheni hadi jino la mwisho na kuishusha hadi la kwanza, na uani kukawa kimya isipokuwa ziii ile ndogo na tairi linalozunguka. Alitamani mama yake mzazi, aliyemlea kwa kuparua sato kule Majita, angekuwepo aone.

Ndipo akaiona taa. Ilimulika nyekundu, ikazimika, ikamulika tena.

"Baba Wankyo, chaji inakwisha. Mwambie aichaji leo leo."

"Sawa."

"Usisahau. Ikizimika mkono unakuwa maiti, haubadiliki tena."

"Nimesikia, mama, mimi siyo kiziwi!"

Alitoka nayo. Getruda alisogea kwenye bati, akaweka sikio penye tundu. Alisikia mume wake akiipanda, akizunguka hadi mashine ya kusaga na kurudi. Alimsikia Nathan akiipanda naye, akabonyeza, akabonyeza tena, halafu akapiga kelele ya furaha.

"Mzee, wewe ni hatari! Arusha walinishikilia wiki nzima kwa tatizo kama hili. Umetumia kifaa gani?"

"Uzoefu tu, bosi," alisema Mugeta.

"Na chaji vipi? Uliiangalia?"

Getruda alisogeza mdomo wake karibu na tundu, utadhani angeweza kumpulizia jibu.

"Kila kitu fiti, bosi," alisema Mugeta.

Mihayo akacheka, akampiga bega. Fundi kapatikana.

*

"Kwa nini hukumwambia?" Getruda aliuliza jioni, wakila.

"Angeniuliza inachajiwaje, inakaa muda gani, sijui nini. Ningejibu nini?"

"Ungeniita."

Mugeta alimega tonge, akalibonyeza kwa muda mrefu kuliko tonge linavyohitaji. "Nitamwambia kesho," alisema.

Kesho yake alirudi na habari nyingine. Mke wa mwenyekiti, mama Ursula, alikuwa anatafuta mwanamke wa kupika na kuosha vyombo kwenye msafara, na Mugeta alishamwambia kwamba mke wake atakwenda. Alilisema hilo akiipima fulana ya njano waliyompa, yenye maandishi mgongoni: FUNDI MKUU. Aligeuka mara mbili ili mkewe asome vizuri.

"Umemwambia injinia?" aliuliza Getruda.

"Hakuwepo. Alikuwa na wageni."

Getruda alikubali kwenda kuosha vyombo. Si kwa sababu ya posho, ambayo ilikuwa ya kununulia sabuni na chumvi. Alikubali kwa sababu baiskeli ile alikuwa ameshaihesabu kuwa yake, na alitaka kuwa karibu nayo kama itaugua.

*

Jumamosi alfajiri walizipakia baiskeli kwenye Fuso pale Musoma, na gari jingine likatangulia moja kwa moja Butiama na mabegi ya watu. Walipofika Bunda jua lilishapanda. Waendesha baiskeli kama arobaini walijipanga kando ya stendi, wengine wenye kofia na miwani ya rangi, wengine wenye Foniksi zao na kandambili, maana msafara ulikuwa wa wote. Mihayo alihutubia kwa spika. Alimwita fundi mkuu mbele, watu wakapiga makofi. Mugeta alipunga mkono. Getruda alipiga makofi naye, akiwa nyuma kwenye pikapu ya vyombo, katikati ya masufuria.

Makofi yalipokwisha alimsogelea. "Taa bado nyekundu?"

"Watu wanatuangalia."

"Nakuuliza tu."

"Getruda," alisema, na humwita kwa jina lake pale tu anapokuwa na hasira, "leo niache nifanye kazi."

Basi akamwacha.

Barabara ya kwenda Nyamuswa ilikuwa kavu, ya vumbi jekundu na kokoto, mashamba ya pamba pande zote mbili. Pikapu ilifuata nyuma ya waendeshaji wa mwisho. Mihayo na mkewe walikaa mbele na dereva. Nyuma walikaa Mugeta na boksi lake la spana, Getruda na masufuria, na gunia la mkaa. Kila waliposimama kwa pancha Mugeta aliruka chini kabla gari halijatulia, na pancha aliziziba upesi na vizuri. Watu walimsifu, naye alizidi kunyooka mgongo. Getruda alimtazama na kwa kweli alimpenda. Alikuwa mtu mwenye ulimi mtamu na mikono ya haraka, na kama angesema neno moja tu la kweli asingepungukiwa na kitu.

Kwenye kilima cha pili baada ya Nyamuswa walimkuta Nathan amesimama kando ya barabara, baiskeli imelala kwenye nyasi.

"Imekufa," alisema. "Nabonyeza, haisikii. Imebaki kwenye jino moja dogo, na hiki kilima chote hiki!"

Mugeta alishuka, akachutama. Alibonyeza huku, akabonyeza kule. Hakuna ziii. Getruda, kutoka juu ya pikapu, aliona kwamba hata ile taa nyekundu haikuwaka tena.

"Betri ya akiba unayo, bosi?" aliuliza Mihayo akitoka garini.

"Ipo kwenye begi, na begi liko Butiama. Lakini si betri. Fundi aliiangalia." Nathan alimgeukia Mugeta. "Si uliiangalia?"

"Niliiangalia."

"Basi ni nini?"

Waendeshaji wengine walishaanza kugeuza na kusimama, kumi, kumi na tano, wanatweta na kunywa maji. Fulana ya njano ilikuwa katikati yao. Mugeta alifungua boksi, akatoa bisibisi.

"Ni skurubu tu," alisema. "Zimelegezwa na barabara mbaya."

Nathan akasogea pembeni kutafuta mtandao, simu juu ya kichwa.

Getruda aliruka kutoka kwenye pikapu, kanga ikanasa kwenye mpini wa sufuria na kuchanika. Alichutama karibu na mumewe, akamsemesha kwa kunong'ona.

"Baba Wankyo, usiguse hizo. Ni chaji, chaji tu. Aende nayo hivyo hivyo, akishindwa kilima asukume. Butiama abadilishe betri, basi."

"Ondoka."

"Hiyo ya ndani ndiyo inauzuia mkono usiingie kwenye spoku. Ukiilegeza..."

"Nimesema rudi kwenye sufuria zako!"

Alilisema kwa sauti. Watu wakacheka, si kwa ubaya, kicheko cha watu waliochoka. Mama Ursula akatoa kichwa dirishani. "Getruda, njoo mwanangu. Mambo ya wanaume hayo, waache wenyewe."

Getruda alirudi. Ni hatua sita kutoka kwenye baiskeli hadi kwenye pikapu, na kila hatua ilimuwia nzito. Aliketi juu ya gunia la mkaa, akaona bisibisi ikizunguka kushoto, mara moja, mbili, tatu, nne. Akaona mume wake akiusukuma mkono wa gia kwa kiganja kuelekea ndani, kwenye meno makubwa, vile angesukuma ng'ombe aliyegoma kuingia zizini. Cheni ikapanda kwa shida na kukaa. Mugeta akatabasamu.

"Jaribu, bosi."

Nathan alipanda. Alikanyaga mara moja, mara mbili. Ya tatu, kwa uzito wote wa kilima, mkono ukaingia kwenye spoku.

Sauti yake ilikuwa fupi. Tairi liligoma, Nathan akaanguka ubavu kwenye kokoto, na alipoinuliwa, goti linatoka damu, ule mkono ulikuwa umekatika vipande viwili, kimoja kinaning'inia kwenye cheni. Spoku nne zilikuwa zimekwenda, na lile sikio lililonyooshwa kwa kubana pumzi lilikuwa limekunjamana kama kizibo cha soda.

Nathan aliokota kipande, akakigeuza mkononi.

"Huu peke yake unazidi milioni," alisema, taratibu kama kawaida yake. "Na hapa nchini hautapatikana."

Uso wa Mihayo ulishabadilika. "Mugeta! Umefanya nini?"

Mugeta alikuwa bado amechutama, bisibisi mkononi. Alimwangalia mwenyekiti, akawaangalia wale watu arobaini, maana sasa walishajaa wote. Akaiangalia fulana yake ya njano. Getruda alimjua mume wake, akajua analitafuta neno, na kwa dakika ile mbaya alimwombea alipate.

Alilipata.

"Mwenyekiti, niseme ukweli. Siyo mimi niliyeitengeneza ile siku. Ni mke wangu. Mimi nilipokea tu, yeye ndiye aliyeishika."

Vichwa vyote viligeukia pikapu.

Miaka kumi na moja. Mugeta hakuwahi kulisema barazani, wala kanisani, wala kwa ndugu zake wa Bunda waliokuwa wakimuuliza Getruda anafanya kazi gani. Alilisema leo, mbele ya umati, juu ya vipande.

Mihayo alisogea hadi kwenye ubao wa pikapu. "Ati mama, ni kweli? Baiskeli hii uliitengeneza wewe?"

Swali lilikuwa karibu sawa na lile alilolingoja, ila lilikuja na uso mwingine. Akisema hapana, mume wake ataonekana mwongo, naye mwenyewe atakuwa ameikana kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Akisema ndiyo, atabeba vile vipande. Mugeta alikuwa anamtazama kwa macho ya kuomba, ya mtu anayetaka mzigo wake upokelewe.

"Ndiyo," alisema Getruda. "Mimi ndiye niliyeitengeneza. Na ilikuwa nzima. Ilitoka kwangu inapanda meno yote. Chaji ilikuwa inakwisha, nikasema..."

Lakini baada ya ndiyo hakuna aliyesikiliza. Minong'ono ilishaanza. Mtu mmoja alipiga mluzi. Mihayo alishika kiuno na kuzungumza na watu kama aliye bado na spika.

"Jamani, mnaona? Baiskeli ya mamilioni anaishika mpika ugali! Halafu tunashangaa."

Nathan alimsogelea Getruda akichechemea. Aliitazama mikono yake, kucha zenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote, na ilikuwa dhahiri kwamba yeye alielewa ni nani fundi. Injinia hushindwa vipi kuelewa? Hata akafungua mdomo kumgeukia Mihayo. Halafu akaliangalia goti lake, akaangalia lile kundi, akachoka.

"Kama uliona chaji inakwisha, mama," alisema kwa upole, "ungeniambia."

Getruda aliificha mikono chini ya kanga. Ungeniambia. Kupitia tundu lipi la bati?

*

Butiama walifika saa nane na nusu. Chakula kiligawiwa kwenye turubai, na mama Ursula alimwita Getruda pembeni.

"Leo usigawe. Watu wanasemasema. Wewe osha tu, utakuwa nyuma huko."

Aliosha. Sahani zilipokwisha alianza masufuria, na masufuria yalipokwisha aliyarudia. Fulana ya njano ilishavuliwa; aliiona kwenye mgongo wa dereva wa Fuso, aliyekuwa ameivaa kwa utani, na watu wanamwita fundi mkuu, fundi mkuu, wakijipigapiga mapaja.

Mugeta alimfuata jioni, wakati wa kupakia. Alisimama karibu na beseni.

"Umekasirika."

Getruda alimwaga maji ya beseni.

"Sasa ningefanyaje? Wewe ni mwanamke, kwako yatasahaulika. Mimi jina langu likipotea, tutakula nini? Hilo jina ndilo linalokulishaga na wewe." Alingoja. Alikuwa anaamini anachosema, na hilo ndilo lililouma kuliko uongo wake. "Injinia mwenyewe kasema hadai kitu. Tumshukuru Mungu."

"Na kontena?"

"Achana na kontena."

Kontena alipewa mtu mwingine, kijana wa Kamunyonge anayeuza tairi. Wiki hiyohiyo liliandikwa jina, moja tu, kwa rangi nyekundu.

*

Habari za Butiama zilifika Nyakato kabla ya vumbi kutoka kwenye nguo zao. Wiki ya kwanza walikuja watu wa pancha tu. Ya pili, mama muuza nyanya alimuuliza Getruda sokoni kama ni kweli alivunja baiskeli ya mzungu. Hakuwa mzungu, na hakuivunja, ila alilipia nyanya zake akaenda.

Wiki ya tatu, asubuhi, akiwa uani na ungo wake wa dagaa, alisikia baiskeli ikiwasili barazani. Aliitambua kwa mlio. Ilikuwa ya Mwalimu Yakobo wa shule ya msingi, ya gia sita, na ilikuwa inapiga trak, trak kwenye jino la pili.

"Imeanza tena, fundi," mwalimu alisema. "Lakini nikuulize kabla sijaiacha. Nani atashika? Siyo yule mama?"

"Aa, mwalimu! Mimi mwenyewe. Huyo nilishamkataza, hata spana hagusi."

"Basi sawa. Nitakaa hapa kwenye benchi ningoje."

"Dakika kumi tu."

Mlango wa bati ukafunguliwa kwa goti. Mugeta aliisukuma baiskeli ndani, akaiegemeza karibu na ndoo ya maji. Hakumwangalia mkewe. "Ni gia tu," alinong'ona, akaweka bisibisi juu ya tandiko, akageuka kutoka.

Getruda aliitazama baiskeli. Waya wa gia ulikuwa umevutika, basi. Nusu mzunguko kwenye ile kokwa ndogo ya kukazia waya kule nyuma, kuelekea kushoto, na ingeimba. Kazi ya dakika moja, siyo kumi.

Aliuweka ungo chini. Alisimama, akaishika baiskeli kwa usukani, akaufungua mlango wa bati kwa mkono, siyo kwa goti, akatoka nayo hadi barazani. Mwalimu Yakobo aliinua macho. Mugeta aligeuka, rangi ikamtoka.

"Baba Wankyo," alisema Getruda, kwa sauti ya kawaida kabisa, "umemwambia mwalimu utaishika mwenyewe. Hii hapa. Na bisibisi yako hii hapa."

Akaisimamisha mbele yake, akarudi ndani, akaufunga mlango na kutia komeo, ambalo kwa miaka yote hiyo halikuwahi kutumika mchana. Akakaa kwenye kigoda. Alijua kwamba leo hawatanunua mboga, pengine na kesho, na kwamba watoto wakirudi shuleni watauliza.

Kule mbele pedeli ilianza kuzunguka. Alisikia bisibisi ikiingia kwenye skurubu, ile isiyohusika. Trak, trak. Ikazungushwa tena. Trak, trak, trak.

"Vipi, fundi?" aliuliza mwalimu.

"Kila kitu fiti, mwalimu. Inazoea tu."

Getruda aliuvuta ungo mapajani, akachukua dagaa mmoja, akamkata kichwa, akachukua mwingine.